Mrejesho: lile jedwali lisilo na kichwa

Assalaam alaykum wapendwa. Niliuliza kuhusu jedwali nililolikuta kwenye makaratasi ya marehemu babu, tarakimu tupu, halina kichwa wala jina la mwandishi. Limejulikana! Aliyeniambia nianze na safu ya kwanza, Mungu amlipe kheri. 12.42, 12.00, 23.93, 25.82: ni urefu, kwa saa, wa mizunguko ya maji ya bahari kujaa na kupwa. 12.42 ni ya mwezi, 12.00 ya jua. Nguvu zao zikienda pamoja ndiyo bamvua (maji hujaa na kupwa sana), zikipingana maji mafu (hujaa na kupwa kidogo). Safu ya pili ni kimo cha kila mzunguko kwa mita, ya tatu, ya digrii, ni uchelewaji wa maji nyuma ya mvuto wa mwezi au jua. Mtaalamu wa bahari amelilinganisha na vipimo vya bandari ya Malindi, Unguja: vimeoana. Nimeshaandika chanzo chake nyuma ya karatasi, kwa wino.