Mgeni akiacha taa za karavani zinawaka usiku kucha unamwambiaje? Naomba ushauri, kempsaiti Mafinga

Kijana wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu. Naomba ushauri hasa kwa waliowahi kufanya kazi kempu au kuzunguka na watalii wa magari.

Shangazi yangu ana shamba nje kidogo ya Mafinga, sio mbali na barabara kuu ya kwenda Mbeya, kipande cha mbele kakifanya kempsaiti na mimi ndo nasimamia. Wateja wengi ni wale wanaosafiri na magari yao wenyewe, Land Cruiser zenye hema juu ya paa, karavani za kuvuta, na yale malori makubwa yaliyojengewa nyumba nyuma. Wanatokea Zambia au Malawi wanaenda hifadhi ya Ruaha au wanashuka Dar, wanalala usiku mmoja miwili wanasepa. Wikiendi zinakuja familia za kwetu pia, Iringa mjini, Dodoma, mara mojamoja Dar.

Sasa ishu ni taa. Juzi kuna lori la hivyo lilipaki, jamaa kazungusha tepu za LED kwenye turubai lake la mbele, zile zinazobadilika rangi, na taa ya mlangoni nyeupe kali inapiga moja kwa moja kwenye hema la jirani. Jirani ni wazee wawili, mtu na mkewe, saa 5 usiku wakanifuata mapokezi wamevimba kwelikweli. Nikaenda kumgongea jamaa, akanijibu kalipia sehemu yake na watoto wake wanaogopa giza. Nikasema basi niwaulize familia ya Dodoma iliyokuwa upande wa pili wanaonaje, nao wakasema iache iwake kijana, sisi gizani tutalalaje na hii misitu. Hapo nikakosa pa kushika.

Afu asubuhi wale wazee wakati wanaondoka wakaniambia hata spotilaiti yetu ya kwenye nguzo ni kero. Hiyo kaifunga shangazi kwa ajili ya wezi na hataki kusikia habari ya kuizima, anasema kempu yenye giza ni kempu maskini.

Naombeni mawazo, mgeni anaambiwaje azime bila kuonekana unamfukuza, na shangazi naanzia wapi.

Mzee wa Ipogolo

Daah kumbe giza lina wateja? Kijijini kwetu lipo la kutosha na hatujawahi kulitoza hata shilingi 😂

dereva_wa_nyasa

Mkuu nakuelewa sana, nimeendesha malori ya watalii miaka, Cape Town kupanda mpaka Nairobi, hiyo kesi kila kempu ipo.

Kwanza uelewe huyo mgeni wa hema anatafuta nini. Mtu anatoka Ulaya kwenye mji ambao ukiangalia juu nyota unazihesabu, analipa hela aje huku, Juni mpaka Septemba mbingu ya nyanda za juu mara nyingi haina wingu, ile Njia ya Maziwa, ule utepe mweupe wa nyota, unaiona imelala kutoka upande mmoja mpaka mwingine na zile nyota za Msalaba wa Kusini upande wa kusini. Afu unamuwashia spotilaiti. Wenzetu Namibia wameshaifanya hiyo biashara, pale hifadhi binafsi ya NamibRand walitambuliwa kama hifadhi ya anga la giza, yaani sehemu inayolindwa isiharibiwe na mwanga wa taa usiku, tangu 2012 na watu wanasafiri kwenda kulala nje kabisa bila hema. Na wengi wa wateja wako wamepita huko kabla hawajafika kwako, kwa hiyo wanalinganisha.

Pili, Marekani ambako hayo magari ya kulala ndani ndo kwao, kempu nyingi zina saa za utulivu, hifadhi zao za taifa kawaida ni saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Jenereta kimya, muziki kimya, na kempu kibao zinataka na taa za nje zizimwe muda huohuo. Kwa hiyo huyo jamaa wa lori asikutishe eti kalipia, hiyo sheria huenda anaijua tangu kwao, kakutegea tu akijua huku hakuna atakayemuuliza.

Mama Kitulo

Mwanangu pole. Mimi nilikaa mapokezi muda mrefu, nikwambie, kosa la kumgongea mgeni saa 5 usiku ni kwamba tayari kuna ugomvi, hata ungekuwa na maneno matamu kiasi gani anasikia umetumwa na jirani. Hayo maneno yasemwe mchana akiwa anajaza daftari la wageni. Unamkaribisha, unamwonyesha maji ya moto yalipo, choo kilipo, halafu unamalizia, "saa 4 tunazima taa za nje kwa wote ili watu waone nyota, ukihitaji mwanga usiku tunayo taa ndogo ya kukuazima." Umemwambia kwa wote, hajaona kasemwa yeye. Na bandika karatasi chooni, huko kila mtu anasoma.

Na familia zetu msiwaseme vibaya jamani. Sisi tumekua tukiambiwa nyumba yenye taa ndo nyumba ya watu, giza ni la fisi na wachawi. Mtoto wa Dodoma mjini umlaze kwenye misitu ya mipaini halafu uzime kila kitu, atalia na mama yake atalia. Wape kona yao karibu na mapokezi ambako mwanga upo, na wa mahema ya juu ya gari wapeleke kule mwisho. Ukipanga watu vizuri saa 10 jioni hutaamka saa 5 usiku.

fundi_swichi

Nimesoma mpaka hapa naona mnaongelea adabu tu ila nusu ya tatizo ni taa zenyewe na jinsi zilivyofungwa.

Spotilaiti ya shangazi nina uhakika ni LED nyeupe ile ya 6500K (hiyo K ni namba ya rangi ya mwanga, ikiwa kubwa mwanga unakuwa mweupe zaidi, ikiwa ndogo unakuwa wa njano), iko juu ya nguzo na imelazwa inaangalia mbele. Hiyo ni kama umesimamisha taa za uwanja wa mpira kwenye uwanja wa nyumba. Fanya hivi, ishushe ielekee chini kabisa, itengenezee kofia ya bati ili mtu aliyekaa mbali aione ardhi iliyomulikwa ila balbu yenyewe asiione. Hilo tu litapunguza malalamiko zaidi ya kitu kingine chochote. Halafu badilisha balbu, nunua ya njano njano, kwenye boksi angalia namba ya K iwe 2700 au isizidi 3000. Watu wanaangalia wati tu, namba ya K hawaisomi kabisa. Wati zenyewe punguza, macho yakishazoea giza, na yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea vizuri, taa ndogo sana inatosha kuona njia.

Njia ya chooni usiweke nguzo, weka taa fupi za usawa wa goti. Za sola zipo ila kwa baridi na ukungu wa Mufindi asubuhi nyingine zinakuwa zimeishiwa, kama umeme upo karibu vuta waya. Mlangoni kwa choo weka sensa, ile inayohisi joto la mtu akipita, iwake dakika mbili izime. Kutegesha kwake uwe makini, ukiielekeza kwenye njia ya mbwa na mbuzi itakuwa inawaka na kuzima mpaka mgeni akuombe uirudishe ya zamani.

Kwa wageni, kuwa na tochi za kichwani zenye taa nyekundu uwaazime. Taa nyekundu hafifu haiharibu macho yaliyozoea giza na haimpigi jirani.

Mlinzi Mstaafu

Mnamdanganya kijana. Mimi nimelinda maghala, usiku taa ndo mwenzako. Siku gari la mtalii likivunjwa kioo ndo mtajua nyota haziandiki maelezo polisi. Shangazi yuko sahihi, iwake.

fundi_swichi

Mzee wangu shikamoo. Nikuulize kitu kimoja, ukiwa umesimama chini ya spotilaiti kali, kule nje ya ule mwanga unaona nini? Huoni, weusi tii. Mwizi aliye gizani anakuona wewe, anaona umeshika nini, anaona umesinzia. Na nyuma ya kila gari linalomulikwa kunatokea kivuli ambacho mtu anaweza kukaa hata nusu saa. Taa ndogondogo zinazoangalia chini zinakupa nafasi ya kuona mbali, na sensa ikiwaka ghafla unajua kuna kitu kimepita. Taa inayowaka muda wote haikwambii chochote.

Mlinzi Mstaafu

Marahaba. Hilo la kivuli nakubali, tulikuwa tunalizunguka kwa miguu. Ila kwenye geti na kwenye mita ya umeme isizimwe, hapo sitabadilika.

fundi_swichi

Getini sawa kabisa, ila ielekee chini.

mtu_wa_msembe

Nyongeza kutoka Ruaha. Kule kempu hazina uzio, tembo anapita katikati ya magari usiku na hana habari na wewe, ukianza kumpiga tochi machoni ndo unaanzisha mambo. Kwa hiyo wageni wanaokwenda huko kutokea kwako wakizoea kwako kutumia taa kidogo umetusaidia na sisi.

Halafu wadudu. Taa nyeupe inavuta wadudu kuliko ya njano, mvua zikianza utaona mwenyewe. Wamo na vile vidudu vyembamba vyekundu na vyeusi, ukikiponda kwenye shingo asubuhi ngozi imeungua kama umemwagiwa maji ya moto. Sema mbu msijidanganye, mbu anakufuata kwa pumzi na harufu yako, taa uzime usizime chandarua kiko palepale.

Dada Tukuyu

Msimu wa kumbikumbi mkizima zote mtatukosea lakini 😅 acheni moja na beseni la maji chini, wageni wakaangiwe, hiyo ndo utalii.

Kijana wa Mafinga

Nawashukuru sana wakuu, Mama Kitulo hasa shikamoo, hiyo ya kusema wakati wa daftari na kuwapanga watu nimeichukua nzima nzima, leo nimeandika karatasi ya mapokezi na ya chooni.

Shangazi nimemfuata na hoja ya kivuli, sikumtajia nyota kabisa maana hapo ningeshindwa. Nikamsimamisha chini ya ile spotilaiti nikamuuliza trekta liko wapi, akakaa kimya, akasema haya mlete huyo fundi lakini ya getini isiguswe. Na bili ya umeme nimemgusia kidogo, hapo sikio likasimama.

Swali kwa fundi, ile kofia ya bati nikate upana gani? Na tepu za LED za mgeni kwenye turubai nazo niziingize kwenye sheria au nimwachie mpaka saa 4?

fundi_swichi

Tepu mwachie mpaka saa 4, anakula na familia yake, usiwe mkali kuliko hizo hifadhi za Marekani. Muombe tu azipunguze mwanga na aziweke rangi moja ya njano, nyingi zinaruhusu kwenye rimoti, zile za kumetameta ndo zinaudhi.

Kofia usikate kwa kipimo cha kuambiwa. Kata ndefu kidogo, funga, halafu mwambie mtu akae kwenye kiti pale yanapopaki magari na wewe uko kwenye ngazi, inamisha taratibu mpaka akwambie balbu haioni. Fanya usiku, mchana utakosea. Na acha nafasi ya hewa juu, LED ikipata joto sana haidumu.

Mzee wa Ipogolo

Na mimi niko serious sasa, huko kijijini kwetu nina ekari mbili juu ya bonde, choo kipo cha shimo. Inaweza kuwa kempu au nitachekwa?

dereva_wa_nyasa

Weka maji ya kuoga ya moto na njia ambayo lori litageuza bila kurudi rivasi. Njoo pm.