Vyeti kwa wafanyakazi wa ukumbi wa kukwea: nani asomee nini?

Msimamizi wa Zamu

Habari zenu wote. Nasimamia ukumbi wa kukwea wa ndani wenye wafanyakazi sita: wawili wanakaa mapokezi, watatu wanazunguka sakafuni na kuwafundisha wanaoanza, na mmoja hupanga njia, yaani hufunga na kufungua vishikio ukutani. Mpaka sasa mafunzo yetu yamekuwa ya kurithishana. Mgeni humfuata mwenyeji kwa wiki mbili, kisha hukabidhiwa zamu. Mmiliki ameniagiza nitafute cheti kinachofaa, naye angependa kiwe kimoja kwa wote ili mambo yawe mepesi.

Nina maswali mawili. Je, kipo cheti kimoja kinachowatosha wote sita? Pili, mmoja wa wale watatu amekwea miambani kwa zaidi ya miaka kumi, kwa ustadi usio na shaka, na anaona kwamba kupimwa jinsi ya kufunga fundo la nane, lile la msingi la kujifungia kamba, ni kumvunjia heshima. Nimweleze nini?

Mtathmini

Hakipo, na mmiliki akishikilia kiwe kimoja mtalipia mafunzo ambayo nusu ya watu wenu hawatayatumia. Ndani ya ukumbi mmoja mna kazi tatu: kuwaangalia wanaokwea, kuwafundisha, na kufanya kazi huku umening'inia. Vyeti vingi utakavyokuta ni vya hiyo ya pili.

Uingereza, Mountain Training, shirika linalotoa vyeti hivi, imevipanga kwa ngazi. Mwenye Indoor Climbing Assistant husaidia chini ya uangalizi wa mtu mwenye sifa zaidi. Mwenye Climbing Wall Instructor husimamia na kufundisha vikundi ukutani, lakini hafundishi ukweaji wa kutangulia, ambao mkweaji hupanda na kamba kutoka chini na kuipachika kwenye karabina (pete ya chuma yenye mlango) moja baada ya nyingine. Anayetaka kufundisha hilo huendelea hadi Climbing Wall Development Instructor. Marekani, Climbing Wall Association, chama cha kumbi za kukwea, ina cheti chake cha wakufunzi wa ukutani, nacho pia hutenganisha kamba ya juu, yaani iliyokwisha kupitishwa juu ya ukuta, na kamba ya kutangulia.

Watu wengi huuona utengano huu kuwa urasimu, nami niliuona hivyo nilipoanza. Lakini tazama kinachotokea. Kwenye kamba ya juu, kosa la kawaida la mshika kamba, yule wa chini anayemlinda mkweaji, ni uzembe wa kuvuta ulegevu, na mkweaji akiteleza hushuka kidogo tu. Kwenye kutangulia, mshika kamba huyo huyo anatakiwa kutoa kamba haraka mwenzake anapopachika, kuirudisha mara moja akishapachika, na kujua kwamba kabla ya karabina ya tatu au ya nne ulegevu wa mkono mmoja unaweza kumfikisha mkweaji sakafuni. Juu ya hayo, kamba inaweza kupita nyuma ya mguu na kumpindua mtu kichwa chini akianguka, au kupachikwa kinyumenyume ikachomoka. Mkufunzi anayesimama chini lazima ayaone yote hayo kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Hicho ndicho mtathmini anachokuja kukitazama, na mtu hakisomi kwa wiki mbili za kumfuata mwenyeji.

Kwa hiyo wale watatu wa sakafuni wapelekwe kwenye cheti cha ukufunzi, tena cha ngazi ya yale mnayoyafundisha kweli. Wawili wa mapokezi wanahitaji huduma ya kwanza, utaratibu wa dharura, na uwezo wa kumpima mgeni anayedai kwamba anajua kushika kamba. Jambo moja zaidi: cheti hakikijui ukumbi wenu. Aliyefaulu jana bado hajui mashine zenu za kuvuta kamba zinafungiwa wapi, nani ana ufunguo wa chumba cha vifaa, wala mtu aliyekwama juu huteremshwaje kwenye ukuta wenu. Mafunzo ya ndani yabaki, ila yaandikwe, yawe na tarehe na sahihi ya aliyefundisha na aliyefundishwa.

Mpanga Njia

Nakubaliana na Mtathmini, isipokuwa amempita mpanga njia kama mtu apitaye gari lililoegeshwa. Mimi nafanya kazi hiyo. Cheti cha ukufunzi kinanifaa kidogo sana, kwa sababu kazi yangu ni ya ujenzi zaidi kuliko ya michezo: nakaa saa tano kwenye mkanda wa kukwea, nikiwa na bisibisi ya umeme mkononi na ndoo ya vishikio ikining'inia pembeni yangu.

Uingereza kazi hii inaangukia chini ya kanuni za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005, ambazo zinataka kazi ipangwe, ifanywe na mtu mwenye uwezo, na anayetumia kamba awe kwa kawaida na kamba mbili zenye nanga tofauti: moja ya kufanyia kazi, nyingine ya akiba. Hapo ndipo wakweaji wazuri wanaponuna, maana wamezoea kamba moja. Kamba ya mkweaji hunyumbuka na kupumzika. Ya mpanga njia hubeba uzito muda wote, huku zana zenye ncha zikipita karibu nayo.

Cheti kinachojulikana zaidi duniani kwa kazi za kamba ni cha IRATA, chama cha kimataifa cha wafanya kazi za kamba. Kina ngazi tatu, mafunzo ya siku nne na tathmini siku ya tano, na hudumu miaka mitatu. Kupanda ngazi kunadai angalau saa 1,000 za kazi zilizoandikwa daftarini, na mwaka mmoja katika ngazi uliyopo. Kwa ukumbi mdogo ambao mpanga njia wake hutumia jukwaa la kuinuliwa, naona hicho ni kikubwa mno. Hapo kinachohitajika ni mafunzo ya kuendesha jukwaa hilo. Ila msiliache jambo hili: asifanye kazi juu akiwa peke yake ukumbini. Akizimia kwenye mkanda, lazima awepo mtu chini anayejua kumshusha, tena aliyewahi kufanya hivyo kwa mazoezi. Zana zake zifungwe kwa uzi. Spana ikidondoka kutoka mita kumi haichagui kichwa.

Zamu ya Jioni

Nami niongeze kuhusu mashine zinazovuta kamba zenyewe, ambazo mtu hujipachika na kukwea bila mshika kamba. Katika ukumbi niliofanyia kazi zamani, mteja wa miaka mingi alimaliza njia moja, akahamia ya jirani akiwa anaongea na rafiki yake, akaanza kupanda bila kujipachika. Nilimwona akiwa na miguu mita mbili juu ya sakafu, kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa nimeinama kuokota chupa na macho yangu yakakutana na karabina ikining'inia peke yake chini ya turubai. Nilimwita kwa jina akateremka. Tangu hapo nawafundisha wageni wa kazi waitazame karabina kwanza, mtu baadaye. Wazoefu ndio husahau zaidi, kwa sababu anayeanza huogopa na hujikagua mara tatu.

Mtathmini

Mfano huo unajibu swali la pili kuliko nilivyokusudia kulijibu. Msimamizi, usimwambie mkongwe wenu afunge fundo, kweli anajua. Mwandalie watu wanne waliokwisha kuvaa mikanda, kila mmoja na kosa lake: mmoja kamba yake imepita kwenye kitanzi kimoja cha mkanda badala ya viwili, wa pili karabina yake haikukazwa, wa tatu kamba imeingizwa kinyume kwenye kifaa cha mshika kamba, wa nne hana kosa lolote. Weka kelele, mpe dakika mbili, na mtu amsemeshe kila mara. Halafu mwombe amfundishe mtu asiyewahi kushika kamba, nawe utazame kama anauangalia mkono wa chini wa mwanafunzi au anauangalia ukuta. Miambani alikuwa akijilinda yeye na mwenzake. Hapa anawalinda watu asiowajua, kumi kwa mpigo. Kwa uzoefu wangu, wakongwe wengi hawalioni lile kosa la kitanzi, nao ndio huomba mafunzo wenyewe kesho yake.

Msimamizi wa Zamu

Nashukuru sana. Nimempelekea mmiliki orodha ya mahitaji matatu badala ya cheti kimoja, naye amelalamika kuhusu gharama lakini amekubali kuanza na wale watatu wa sakafuni, na mpanga njia hatapanda tena kabla mtu wa pili hajafika. Jaribio la watu wanne tulilifanya jana. Mkongwe aliziona karabina na kamba iliyoingizwa kinyume, akakipita kitanzi, kisha akamkosoa yule asiye na kosa. Leo asubuhi ameniuliza mafunzo yanaanza lini.