Mrejesho: Nilivyouona Mji Mkongwe kutoka juu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza: tangu jumba la kale la Beit al-Ajaib liporomoke sehemu Desemba 2020, mtu apande wapi aone Mji Mkongwe wa Zanzibar kutoka juu? Nimerudi, ahsanteni sana.

Nilianza na paa la hoteli kule mtaa wa Hurumzi. Siku ya kwanza nilirudishwa mlangoni: meza za wakati wa magharibi hushikwa mapema, nami sikuwa nimepiga simu. Aliyenishauri niende asubuhi, Mungu akubariki. Nililipia chai ya tangawizi, nikapanda ngazi za mbao zenye kusimama wima hasa (mwenye magoti mabovu ajipime), nikatokea juu. Mabati yenye kutu yamebanana hata vichochoro havionekani, kanga zinaanikwa, na katikati imesimama Minara Miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Nilikaa saa nzima.

Kuipanda Minara Miwili yenyewe sikufanikiwa. Nilikuta mlango umefungwa. Ngome Kongwe nilipita haraka, inafaa zaidi kwa kuta zake kuliko kwa mandhari.

Bi mkubwa uliyenielekeza msikiti wa mnara, mtaa wa Malindi humo humo Mji Mkongwe, huo ndio umenikaa moyoni. Haupandwi, unatazamwa kutoka njiani. Mnara wake mweupe una umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, umbo adimu mno katika pwani yetu. Nendeni kabla jua halijawa kali.