Naomba ushauri: Nataka kuizungusha familia miji ya Marekani kabla sijaanza kusaka kazi

Mvoi wa Ohio

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Voi, niko Columbus, Ohio, pamoja na mke wangu na watoto wawili: binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mwanzoni mwa Mei namaliza shahada ya uzamili ya uhandisi wa ujenzi. Maombi ya OPT, ile ruhusa ya mhitimu wa kigeni kufanya kazi ya alichosomea, nimeshatuma na tarehe ya kuanza niliyoomba ni 1 Julai. Kadi ya ruhusa ya kazi bado haijafika.

Tangu tuje hapa, familia yangu haijaiona Marekani. Wameona chuo, maktaba, duka la vyakula na kituo cha basi, basi. Mke wangu yuko kwa viza ya F-2, ile ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi, na nyumbani alikuwa mwalimu mwenye darasa lake na heshima yake. Amejifungia ndani misimu ya baridi akilea watoto ili mimi nisome. Hajawahi kunung'unika. Nataka niwatoe kabla sijaingia kwenye mbio za kutafuta kazi, kwa sababu najua nikishaajiriwa mwaka wa kwanza likizo itakuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Nimewaza wiki mbili kwa gari letu: Chicago, Washington, Philadelphia, New York, tumalizie Boston. Nimetenga dola 3,500. Kodi ya nyumba ya miezi mitatu iko kando na siigusi.

Wenzangu wa chuo wananiambia nitakuwa nachezea siku zangu 90, kikomo cha kukaa bila kazi ukiwa kwa OPT. Niende, au nitafute kazi kwanza? Na kama ni kwenda, mpango wenyewe umekaaje? Ila Chicago haitoki. Binti yangu amekua akisimuliwa na babu yake habari za simba wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898, na simba wale wako Field Museum, jumba la makumbusho la huko Chicago. Ameniuliza mara nyingi kwa nini wako mbali hivyo na kwao.

Mzaramo wa Silver Spring

Mkuu, hongera sana kwa kumaliza. Niondoe kwanza hofu ya siku 90 maana watu wengi wanaielewa vibaya. Hazianzi kuhesabiwa siku unayovaa joho. Zinaanza tarehe iliyochapishwa kwenye kadi yako ya ruhusa ya kazi. Uliomba 1 Julai, kwa hiyo Mei na Juni unakaa nchini kihalali na hakuna siku inayokatwa. Kadi ikiidhinishwa baada ya 1 Julai, itaanza siku ilipoidhinishwa.

Kwa hiyo dirisha lako ni kuanzia mahafali hadi mwisho wa Juni. Ukisafiri Mei hujapoteza kitu. Ukisafiri Julai, kila usiku wa hoteli unalipia mara mbili: dola na siku.

Na uhandisi wa ujenzi uko kwenye orodha ya STEM, yaani masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Mwaka wa kwanza ukiisha unaweza kuomba miezi 24 mingine mradi mwajiri awe kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa ya kazi. Hapo jumla ya siku za kukaa bila kazi hupanda hadi 150, lakini mwaka wa kwanza ni 90 tu, usije ukazichanganya. Jambo lingine: katika mwaka huo wa kwanza, kazi ya kujitolea inayohusiana na ulichosomea, angalau saa 20 kwa wiki, huhesabiwa kama ajira. Kaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako wakueleze namna ya kuiandikisha.

Mtulivu wa Lowell

Mimi nitasema tofauti, na naomba usinichukulie vibaya. Dola 3,500 kwa mtu asiye na mshahara ni pesa nyingi. Kutafuta kazi hapa kunakula muda kuliko watu wanavyokiri, hasa kwa sisi tunaohitaji kumweleza mwajiri habari za karatasi zetu. Ukipata kazi, kati ya siku ya kusaini na siku ya kuripoti huwa kuna wiki mbili, tatu, wakati mwingine mwezi. Safiri hapo. Utakuwa umetulia, na shemeji atafurahi zaidi akijua mshahara unakuja.

Binti Kilindini

Mtulivu, unayosema yana maana, lakini ulisoma alichoandika kuhusu mke wake? Mimi nilikaa kwa F-2. Nilikuwa na digrii, nikawa mtu wa kusubiri basi la shule. Watu humuuliza mume masomo yanaendeleaje, wewe unaulizwa watoto hawajambo. Kakangu, ukimwambia tena asubiri mpaka upate kazi, atakubali, kwa sababu ameshazoea kukubali. Mpeleke.

Ila wewe usipange peke yako. Mwambie achague mji mmoja yeye mwenyewe na siku zake azipange anavyotaka, wewe uwe dereva tu.

Dereva Masafa

Naendesha lori njia hizo hizo, kwa hiyo nizungumzie barabara. Chicago iko magharibi ya Columbus, kama kilomita 570. Miji mingine yote uliyotaja iko mashariki. Ukiiunganisha yote safari moja utawakalisha watoto garini mpaka waichukie hiyo Marekani unayotaka kuwaonyesha. Boston kurudi Columbus peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200.

Ningekuwa wewe ningeikata Boston kabisa na kuvunja safari vipande viwili. Kwanza Chicago, usiku tatu, kisha nyumbani kufua nguo na kupumua. Pitia Indianapolis, njia hiyo haina ushuru wa barabara, na kumbuka saa za Chicago ziko nyuma yenu kwa saa moja. Kipande cha pili ni mashariki: lala Pittsburgh ambako ni kama saa tatu tu kutoka kwako, kesho yake ushuke Washington, halafu Philadelphia mchana mmoja, mwisho New York.

Gari lako ni la mwaka gani? Kabla ya yote peleka kwa fundi akague breki, tairi na maji ya injini. Milima ya Pennsylvania inapima breki.

Mama Wanne, Jersey City

Karibuni sana huku. Haya nisikilizeni kuhusu New York, maana huko ndiko pesa inakoyeyuka.

Usiingize gari Manhattan. Maegesho ni ghali, na tangu Januari 2025 ukiingia kusini ya mtaa wa 60 unakatwa ada ya msongamano. Chukua hoteli upande wetu wa New Jersey, Secaucus au Jersey City, gari lilale hotelini, ninyi mpande treni. Na ukiona mtandaoni nyumba nzima ya kupanga usiku mbili ndani ya New York kwa bei ya kuvutia, iache. Tangu Septemba 2023 sheria ya jiji inamtaka mwenyeji ajisajili na awemo humo humo wakati wageni wako, kwa ukaaji wa chini ya siku 30. Matangazo mengi ya namna hiyo hayana usajili.

Kijana wako hatalipa treni ya chini ya ardhi akiwa hajavuka urefu wa inchi 44. Sanamu ya Uhuru muioneni kutoka feri ya Staten Island, ni bure kwenda na kurudi. Mnapotoka Manhattan simameni upande wa kulia, mtaiona vizuri. Wengi hulipa boti kwa kutojua. Central Park bure, Daraja la Brooklyn kwa miguu bure.

Chakula: tafuta hoteli yenye jiko dogo chumbani na inayotoa chai ya asubuhi. Mimi husafiri na sufuria ya umeme ya kupikia wali, kilo ya mchele, maharage niliyokwisha kuchemsha nikayagandisha, na unga. Watoto wakila ugali jioni hawasumbui kuomba baga mchana kutwa. Kwa watu wanne, hapo ndipo utaokoa pesa za kweli.

Mzaramo wa Silver Spring

Naongezea ya Washington. Majumba ya makumbusho ya Smithsonian yote pale National Mall, ule uwanja mrefu wa katikati ya jiji, hayana kiingilio, lakini lile la anga na lile la historia ya Wamarekani weusi, lililofunguliwa 2016, yanataka tiketi za bure za muda maalumu. Shika tiketi mapema mtandaoni, usije ukawapanga watoto foleni bure. Nalo la sanaa ya Afrika lipo hapo hapo. Bustani ya wanyama pia haina kiingilio, nayo inataka pasi. Hotelini usikae katikati ya jiji, kaa karibu na kituo cha Metro upande wa Maryland au Virginia. Jumba kubwa la ndege la Chantilly, karibu na uwanja wa Dulles, halina kiingilio, unalipia maegesho tu, na ndani mna chombo cha anga za juu chenyewe, Discovery. Mtoto wa miaka minne akikisimamia chini yake anabaki mdomo wazi.

Mvoi wa Ohio

Nawashukuru mno. Binti Kilindini, nimemsomea mke wangu ulichoandika, akanyamaza kidogo kisha akasema anataka Washington, na anataka siku nzima maktaba ya Congress. Basi Washington ni yake.

Nina maswali mawili. Tukitoka New York nataka tupitie maporomoko ya Niagara. Wanasema upande wa Kanada ndio unaopendeza zaidi, na daraja ni la kutembea dakika chache. Pili, kadi ikifika tukiwa safarini?

Mzaramo wa Silver Spring

Mkuu, hilo daraja USILIVUKE. Kwanza Kanada inawataka viza. Pili, ukitoka Marekani ukiwa umemaliza masomo, kadi haijatoka na kazi huna, kurudi ni juu ya afisa wa mpakani, na maswali yake hutayapenda. Baki upande wa New York. Bustani ile ya jimbo ni ya tangu 1885, kuingia ni bure, unalipia maegesho na boti kama mtapanda. Maji yanakunyeshea vile vile.

Tena mkiwa karibu na mpaka beba pasipoti zote nne, fomu za I-20 za kila mmoja (zile za chuo za kuthibitisha hadhi ya mwanafunzi na familia yake) na karatasi za I-94 (rekodi za kuingia nchini). Askari wa mpaka huingia hata kwenye mabasi na treni za ndani kule.

Kuhusu kadi: barua zile hazipelekwi kwenye anwani nyingine, zikikosa mpokeaji zinarudishwa. Jisajili kwenye huduma ya posta ya kutumiwa picha za barua zinazokuja, ni bure, na funguo ya sanduku mwachie jirani unayemwamini. Mpango wa Dereva Masafa wa kurudi nyumbani katikati unakusaidia hapa pia.

Injinia Mkongwe

Kijana, nimejenga madaraja huku Pennsylvania kwa muda mrefu, na napokea wahandisi wapya karibu kila mwaka. Nenda safari yako. Lakini tuma maombi ya kazi kabla ya kuondoka, usisubiri kurudi. Makampuni hayajibu siku hiyo hiyo. Ukituma wiki ya mahafali, majibu ya kwanza yatakukuta njiani, na mahojiano ya awali siku hizi ni ya video. Beba kompyuta, shati moja la kola lililopigwa pasi, na mwambie mke wako mapema kwamba ikitokea, yeye na watoto watakwenda kuogelea bwawa la hoteli kwa saa moja.

Pili, andikisha mtihani wa FE, ule wa kwanza kuelekea leseni ya uhandisi. Unafanywa mwaka mzima kwenye vituo vya kompyuta, kwa hiyo weka tarehe ya Juni, baada ya kurudi. Ninaposoma CV mbili zinazolingana, aliyefaulu FE namwita kwanza. Kazi za serikali kuu nyingi zinataka uraia, usipoteze muda huko, elekeza nguvu kwa makampuni binafsi ya usanifu na yale yanayopata kandarasi za barabara za majimbo.

Pittsburgh simama kwenye madaraja matatu yanayofanana juu ya mto Allegheny, ya miaka ya 1920. Minyororo yake imefungwa kwenye sitaha yenyewe badala ya kuzikwa ardhini. Piga picha ya viungo vyake. Mtu akikuuliza kwenye mahojiano ni muundo gani umekuvutia, utakuwa na la kusema ulilogusa kwa mkono. New York nako, mweleze bintiyo habari za Emily Roebling. Mumewe, mhandisi mkuu wa Daraja la Brooklyn, alipougua kwa kazi ya chini ya maji, yeye ndiye alikuwa akienda kwenye ujenzi na maagizo mpaka daraja likafunguliwa 1883.

Mkaazi wa Chicago

Nimechelewa lakini niseme la simba. Mwandae binti yako: hawana manyoya shingoni, na wanaonekana wadogo kuliko anavyowawaza. Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua, alizitumia ngozi zao kama mazulia kwa miaka mingi, na jumba likazinunua 1924 kwa dola 5,000, ndipo zikajazwa. Ngozi zilikuwa zimekatwa pembeni. Watoto wengi hupita mbio wakidhani si wenyewe. Siku za bure pale ni za wakazi wa Illinois, kwa hiyo nunua tiketi mtandaoni. Siku inayofuata nendeni bustani ya wanyama ya Lincoln Park, hailipiwi, na ufuo wa ziwa uko karibu.

Mtulivu wa Lowell

Kama ataondoka Mei, maombi yameshatumwa na kodi haiguswi, mimi naondoa pingamizi. Ila ningeomba dola 500 kati ya zile 3,500 zisipangiwe kitu.

Mvoi wa Ohio

Nimekubali rai zote mbili, ya Injinia na ya Mtulivu. Boston imetoka. Chicago wiki ya pili ya Mei, turudi nyumbani, kisha Pittsburgh, Washington usiku nne, Philadelphia kupita, Secaucus usiku tatu, Niagara upande wetu, nyumbani. Maombi ya kazi nayatuma kuanzia wikendi hii, na FE nimeweka tarehe ya Juni. Gari liko kwa fundi kesho. Dereva Masafa, ushuru wa Pennsylvania unalipwaje? Nasikia hawapokei pesa taslimu.

Dereva Masafa

Hawapokei. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakuja nyumbani, kwa bei ya juu zaidi. Chukua E-ZPass, kifaa cha kulipia ushuru wa barabara, huko huko Ohio, bandika kwenye kioo kabla ya kutoka, kinafanya kazi Pennsylvania, New Jersey na New York. Weka dola 50 uanzie nazo. Na usiku usiivuke milima ile ukiwa umechoka. Kuna vituo vya kupumzika njia nzima, ingia, lala saa moja, endelea.