Kisafisha hewa cha chumbani au chujio la nyumba nzima kwa mtoto mwenye pumu?

MamaImani_StPaul

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Ninaishi St. Paul, Minnesota, katika nyumba tuliyoinunua mwaka juzi, na ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha ambazo hazitarudi. Mwanangu wa pili ana miaka saba na ana pumu. Mchana hucheza kama wenzake, lakini usiku, hasa kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, hukohoa mpaka anakaa kitako kitandani, na tangu siku zile za Juni 2023, moshi wa mioto ya misitu ya Kanada ulipotufunika hata jua likawa jekundu kama kaa, daktari wake amekuwa akisisitiza kwamba hewa ya ndani nayo ishughulikiwe, si dawa peke yake.

Nyumba ina futi za mraba 1,500, yote orofa moja, na chini yake kuna chumba cha ardhini chenye tanuru la gesi linalosukuma hewa ya joto vyumbani kupitia mabomba ya bati. Wakati wa kiangazi mabomba hayo hayo huleta hewa ya baridi. Fundi wa kampuni moja alikuja wiki iliyopita, akatushauri tufunge mfumo wa kuchuja hewa ya nyumba nzima pamoja na taa ya urujuanimno (UV) ndani ya bomba, jumla dola 2,900. Mume wangu anasema kwa fedha hizo tungenunua visafisha hewa vya chumbani vitatu au vinne na chenji ikabaki. Mimi naona heri kuisafisha hewa yote mara moja kuliko kuwa na mashine zinazonguruma kila pembe. Nani kati yetu yuko sahihi?

FundiHewa_Columbus

Dada, pole sana kwa mtoto. Mimi hufunga na kutengeneza matanuru na viyoyozi huku Columbus, Ohio, huu mwaka wa kumi na moja, na kwa maoni yangu shemeji ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa nawe hujakosea kabisa.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba tanuru huchuja hewa pale tu feni yake inapozunguka. Tuchukue nyumba yako: futi za mraba 1,500 zenye dari ya futi 8 ni futi za ujazo 12,000. Feni ya tanuru la nyumba kama hiyo husukuma takriban futi za ujazo 1,200 kwa dakika, na filta ya daraja la MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa chembe, namba ikipanda hunasa zaidi) hutakiwa kunasa angalau nusu ya chembe za mikroni 0.3 hadi 1, yaani zisizozidi sehemu ya elfu ya milimita, ambazo ndizo nyingi katika moshi. Kwa hiyo feni ikizunguka saa nzima bila kupumzika, hewa yote hupita kwenye filta mara sita, na kwa kuwa hunaswa nusu, ni sawa na kuisafisha hewa ya nyumba yote mara tatu kwa saa, na hiyo si haba. Lakini katika mwezi wa tano au wa tisa, wakati hakuna baridi kali wala joto kali, tanuru huweza kufanya kazi dakika kumi na tano tu katika saa, au lisiwake kabisa usiku kucha. Hapo zile mara tatu zimekwisha kushuka chini ya moja, na mtoto anakohoa saa tisa usiku ilhali filta ya bei mbaya imelala kule chini bila kazi.

Sasa linganisha na chumba chake. Chumba cha futi 12 kwa 12 kina futi za ujazo 1,152. Kisafisha hewa kidogo chenye CADR ya 100, yaani kinachotoa futi za ujazo 100 za hewa iliyosafishwa kila dakika, huigeuza hewa ya chumba hicho zaidi ya mara tano kwa saa, mlango ukiwa umefungwa. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba CADR isipungue theluthi mbili ya eneo la chumba kwa futi za mraba, na kwa msimu wa moshi wao wenyewe husema ilingane na eneo lote. Kwa hiyo kwa chumba cha futi za mraba 144 tafuta kisichopungua 150, na ikiwezekana uvuke hapo, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa kasi ya juu kabisa, kasi ambayo hakuna mtoto atakayelala nayo. Watu hununua mashine ndogo, wakaiweka kwenye kasi ya usiku isiyosikika, kisha wakalalamika kwamba haifanyi kitu. Nunua kubwa, uiendeshe polepole.

Hata hivyo, filta ya tanuru usiidharau. Unaweza kuweka MERV 13 hata bila mfumo mpya, ila ukiitia ile nyembamba ya inchi 1 katika tanuru la zamani, feni huhema. Niliwahi kuitwa nyumba moja ambayo tanuru lilikuwa likijizima kila baada ya dakika chache katikati ya baridi ya Januari. Nilipofungua nilikuta filta imepinda kwa ndani kama upinde, nyeusi tii. Mwenye nyumba alinunua ile ya kubana kuliko zote, akaisahau miezi minane. Dawa ya tatizo hilo ni boksi la filta ya inchi 4, ambayo mikunjo yake mirefu huipa hewa eneo kubwa la kupitia. Ni kazi ya asubuhi moja na haikaribii hizo dola 2,900. Ukishaifunga, siku za moshi weka swichi ya feni kwenye kuzunguka daima badala ya kuiacha ijiendeshe yenyewe, ukijua bili ya umeme itapanda kidogo kama mota ni ya kizamani.

Ile taa ya urujuanimno hainasi vumbi wala moshi. Hiyo ningeifuta kwenye hesabu kabla ya kitu kingine chochote.

Muuguzi_Portland

Ninakubaliana na fundi, ila naomba niongeze jambo kwa sababu ninawahudumia watoto wa pumu hapa Maine. Mtoto anayekohoa usiku mara nyingi amelalia kile kinachomkohoza. Kinyesi cha wadudu wa vumbi, wale wasioonekana kwa macho wanaoishi katika godoro na mito, ni kizito kiasi kwamba kikitimuliwa hutua tena baada ya dakika chache, kwa hiyo kisafisha hewa hakipati hata nafasi ya kukivuta. Gharama ya kwanza iwe ni foronya na kifuniko cha godoro vilivyofumwa kwa kubana, vyenye zipu, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Kama chumba kina zulia la ukuta hadi ukuta, liondoeni mkiweza.

La pili ni gesi. Filta ya HEPA, ile ya kunasa chembe ndogo mno inayowekwa katika visafisha hewa vya chumbani, pamoja na uwezo wake wa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, haizuii gesi inayotoka kwenye jiko lenu, na ule utando mwembamba wa kaboni ya kunyonya gesi unaowekwa katika mashine za bei nafuu hushiba upesi. Washeni feni ya juu ya jiko, hakikisheni inatoa hewa nje ya ukuta badala ya kuirudisha jikoni. Nanyi ndugu zangu wa pwani, najua tulivyolelewa, lakini udi na ubani chumbani kwa mtoto wa pumu hapana. Nilimwambia hivyo mama mmoja wa Lamu akanitazama kana kwamba nimemkataza kuswali. Sasa hufukizia nguo zake barazani.

Tena msinunue mashine yoyote inayojisifu kwamba hutoa gesi ya ozoni ili "kuburudisha" hewa. Ozoni hukera mapafu. Sheria ya California haikubali kuuzwa kwa kisafisha hewa kinachotoa zaidi ya sehemu 0.050 kwa milioni, na hata mtu asiyeishi huko anaweza kutazama kama mashine imepata kibali cha jimbo hilo.

Mpangaji_Minneapolis

Sisi tunaopanga hatuna mamlaka juu ya tanuru la mwenye nyumba, kwa hiyo kwangu swali lilijijibu. Mwaka 2023, siku za moshi, nilitengeneza ile boksi ya kuchuja hewa ya Corsi na Rosenthal iliyobuniwa mwaka 2020 wakati wa korona: filta nne za MERV 13 zikisimama kama kuta, kadibodi chini, feni ya mraba ya inchi 20 juu ikivuta hewa kutoka ndani na kuitupa juu, na mkanda wa gundi kila ukingo. Sura yake haipendezi na inanguruma, lakini sebule ilipumulika. Kwa chumba cha kulala sikushauri, mtoto hatalala.

Babu_Tegeta

Nawasoma kutoka Dar es Salaam. Huku mjadala huu hauna pande mbili, maana viyoyozi vyetu vya ukutani havina mabomba, na ule wavu wa plastiki unaouosha bombani hukamata vumbi nene na nywele tu. Mwanangu aliye Texas anataka kuniletea kisafisha hewa cha huko. Kitafanya kazi?

FundiHewa_Columbus

Shikamoo babu. Mwambie asome kibandiko cha nyuma kwanza. Vingi vya huku ni vya volti 120 pekee, na ukikichomeka kwenye volti 230 za nyumbani kitaungua siku hiyo hiyo. Isitoshe, filta zake za kubadilisha utazipata wapi? Nunua hapo hapo Dar chenye filta zinazouzwa Dar.

MamaImani_StPaul

Asanteni nyote. Jana nilishuka chini na tochi kufanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu tuhamie, nikavuta filta ya tanuru. Imeandikwa 16x20x1, lakini nilipopima nafasi yake kwa futi ya kushonea nilikuta ni inchi 16 kwa 25. Inchi tano nzima ziko wazi, na kwenye bati nyuma ya uwazi huo kuna ukoko wa vumbi mzito kama sufi. Kwa hiyo tangu tuingie, hewa imekuwa ikipita kando. Na yule fundi wa dola 2,900 aliinama hapo hapo na tochi yake, asiseme neno.

Tumeagiza kisafisha hewa cha CADR 200 kwa chumba cha mtoto, vifuniko vya godoro, na filta ya MERV 11 ya kipimo sahihi wakati tukitafuta wa kutufungia boksi la inchi 4. Swali la mwisho kwa fundi: mshale uliochorwa ubavuni mwa filta uelekee wapi?

FundiHewa_Columbus

Uelekee kwenye tanuru, dada, kule hewa inakokwenda. Na andika tarehe ya leo kwenye fremu kwa kalamu nene kabla hujaitia.