Mjadala: Baiskeli za umeme za kukodi London, zipigwe marufuku au zipangiwe pa kupaki?

mlezi_peckham:

Habari za jioni wana London na wengine wote. Naileta hii mada hapa kwa sababu jana kwenye grupu letu la WhatsApp kulichafuka, kaka mmoja kaweka picha ya baiskeli za kukodi zimelala chini zimeziba njia nzima nje ya stesheni, akasema zikusanywe zote zikauzwe vyuma chakavu, dada mmoja akamjibu bila hizo yeye kazini hafiki, ikawa matusi mpaka admini akafunga. Naomba hapa tuongee kwa adabu maana hili jambo linatugusa sana sisi watu wa shifti.

Kwa asiyezijua, ni baiskeli zenye mota ndogo, unaikuta mtaani, unaskani kwa simu inafunguka, unalipa kwa dakika, ukifika unaifunga unapiga picha unaondoka. Kampuni ya Lime waliingia London Desemba 2018, sasaivi wapo na kampuni ya Forest na wengine, na kabla yao kuna zile za vituo, unaichukua kituoni unairudisha kituoni, zinaitwa za Santander, zilizoanza 2010 na zikaongezewa za umeme 2022. Sheria ya Uingereza inasema mota isizidi wati 250 na ukifika kama kilomita 25 kwa saa inaacha kukusukuma, leseni huhitaji, hata helmeti si lazima.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungukane. Baiskeli zibaki, ila hii ya kuiacha popote ikome kabisa. Kila safari iishie kwenye pakingi iliyochorwa, na hizo pakingi ziwe barabarani pale yanapopaki magari, siyo juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Nasema hivi kwa sababu nipo pande zote mbili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee wa kwanza anatakiwa aamshwe mapema, wa pili yuko Camberwell, wa tatu yuko East Dulwich, na kati ya nyumba na nyumba ratiba inakupa dakika chache sana. Basi mwaka 2025 lilikuwa pauni 1.75 na unabadilisha unavyotaka ndani ya saa moja, hapo sina neno, lakini basi linakuja likipenda, na tyubu, ile treni ya chini ya ardhi, huku kwetu Peckham haipo kabisa, hata ile ya usiku ni Ijumaa na Jumamosi na kwa laini chache tu. Ukiwa na baiskeli ya umeme unapanda Dog Kennel Hill, na wanaopajua wanajua kile kilima kinavyokatisha tamaa, unafika juu hujatoka jasho, unaingia kwa mgonjwa nguo safi na kwa wakati. Mtu asiniambie huo ni mchezo wa vijana.

Sasa mchana, kazi ile ile, namtoa mama mmoja na kiti chake cha magurudumu twende Rye Lane akachague samaki wake mwenyewe, maana hapendi kuchaguliwa. Rye Lane, ule mtaa wa maduka wa Peckham, unaijua, watu wamejaa, makreti ya ndizi na viazi vikuu yametolewa nje ya maduka, afu katikati ya kile kinjia kilichobaki kuna baiskeli imelala. Watu wanasema si uisogeze tu. Isogeze! Ile kitu ina zaidi ya kilo 30, gurudumu la nyuma limefungwa kwahiyo haisukumiki, inabidi uibebe, na ukiigusa inaanza kupiga kelele kama vile unaiba. Na mama nimuache wapi wakati nabeba? Kumshusha barabarani siwezi mpaka nirudi nyuma nitafute pale ukingo uliposhushwa, na mara nyingi hapo hapo ndipo mtu kapaki nyingine. Mimi angalau naiona kwa mbali. Asiyeona anayetembea na fimbo nyeupe anakutana nayo kwa goti.

Na aliyeiacha pale inawezekana ni mfanyakazi kama mimi aliyekuwa anakimbilia zamu yake. Ndio maana sipendi haya maneno ya wao na sisi.

Tatizo lipo kwenye utawala. London ina halmashauri 32 na ile City, ya katikati yenye utawala wake, na kila moja inakubaliana na kampuni kivyake, mpaka 2025 mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL, haikuwa na nguvu ya kisheria ya kutoa leseni kwa hizi baiskeli zisizo na vituo. Matokeo yake halmashauri ya Brent mwaka 2024 waliwapa Lime mpaka mwisho wa Oktoba waondoke, baadae wakakubaliana wakabaki kwa masharti. Hounslow mwaka 2025 waliwatoa Lime wakawapa Forest na Voi, kwahiyo mtu anatoka Richmond na Lime yake anafika mpakani mota inamzimia. Mji mmoja huo! Mpaka wa halmashauri ambao hakuna mtu anaujua kichwani ndio unaamua kama utafika. Mwaka huo huo wa 2025 ulipelekwa bungeni muswada wa kuzipa mamlaka za miji uwezo wa kutoa leseni, na mimi nauunga mkono hundred pasenti, leseni moja, sheria moja, jiji zima.

Karibuni. Anayetaka zifutwe kabisa aje na hoja, na anayetaka ziachwe kama zilivyo naye aje.

dereva_basi:

Dada mlezi umeongea vizuri lakini mimi nipo upande wa kuzifuta. Naendesha basi, nakaa kwenye kile kiti siku nzima nayaona. Taa nyekundu wanapita, usiku hawana habari, wawili wamepakizana mmoja mbele mmoja nyuma, na hawa vijana wanaovunja lock wanaendesha bure, unawasikia kabla hujawaona, tak tak tak tak ile lock inagonga kwenye spoku. Mimi nikifunga breki ya ghafla nina abiria wamesimama, nina bibi kashika chuma kwa mkono mmoja. Akianguka anayeandikiwa ripoti ni mimi, yule wa baiskeli keshafika mbali, yuko Elephant and Castle. Na madaktari wa mifupa hapa London wamelalamika mpaka kwenye magazeti kuhusu miguu inayovunjika, ile fremu nzito ikikuangukia mguuni si mchezo. Paris walipiga kura wakazitoa, kwanini sisi tushindwe?

mlezi_peckham:

Kaka dereva nakuheshimu, na hilo la bibi wa ndani ya basi sikuwa nimelifikiria, asante. Ila Paris tuweke sawa. Kura ya tarehe 2 Aprili 2023 ilikuwa ya skuta za umeme za kusimama, zile za kukodi. Karibu asilimia 90 ya waliopiga walizikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura, na Septemba 1 zikawa zimeondoka. Baiskeli za umeme hawakuzitoa, zipo mpaka leo, na tena wana Vélib' yao ya vituo tangu 2007 ambayo baadhi sasa ni za umeme. Kwahiyo Paris kwangu ni ushahidi wa upande wangu, waliitazama kila chombo peke yake.

Hao wanaovunja lock nakubaliana na wewe bila kupunguza neno. Hilo ni la kampuni, wao ndio wenye chombo, watengeneze lock isiyovunjika kwa teke, na baiskeli iliyovunjwa isikae mtaani wiki nzima inazunguka. Mimi nalipia kila dakika, kwanini anayeiba apate bure na lawama tubebe wote.

mwanafunzi_mile_end:

Mimi napinga hizo pakingi za lazima. Uzuri wote wa hii kitu ni kufika mlangoni. Ukinilazimisha niitafute pakingi, nikifika imejaa, niende nyingine dakika tano mbele, na saa ya malipo inahesabu, basi bora nipande basi. Tayari ni bei, dakika 20 tu unapita pauni 5 kama hujanunua kifurushi, hiyo si bei ya maskini. Forest angalau wamewahi kutoa dakika 10 za bure kwa siku. Na hizo za vituo mnazozisifia, mbona tangu 2010 mpaka leo hazijafika Lewisham? Kituo kinataka kuchimba, umeme, ruhusa, miaka inaenda. Hizi za kuacha popote ndizo zilizotufikia sisi wa pembeni.

Pia jamani tuwe wakweli, moto. Kila siku tunasikia baiskeli za umeme zinaunguza nyumba, zimamoto wa London walisema mwaka 2023 walikuwa wanaitwa kwa moto wa baiskeli au skuta za umeme kama mara moja kila siku mbili. Wengi ni hawa wa delivari walionunua betri na chaja za bei rahisi mtandaoni wakachaji koridoni usiku familia imelala. Za kukodi huchaji wewe, kampuni inakuja na gari inabadilisha betri. Hilo peke yake linatosha kwangu kusema zibaki na ziwe nyingi.

baba_nairobi:

Mimi niko Nairobi nasoma tu, lakini hapo kwa betri naomba kuingilia. Huku kwetu kinachokodiwa si chombo, ni betri. Jamaa wa boda ya umeme ana pikipiki yake ama analipia polepole, betri ikiisha anaingia stesheni ya kubadilisha, anatoa moja anaweka nyingine, dakika chache yuko barabarani. Kigali kampuni ya Ampersand walianza hivyo 2019, na hapa sasa kampuni ni kadhaa. Pikipiki ina mwenyewe, so hakuna mtu ataiacha imelala kwa njia, ataiosha hata. Mazee hiyo kitu ya kila mtu ndio huwa inatupwa. Hao watu wa delivari London si wangefanyiwa hivyo?

mlezi_peckham:

Baba hapo umenifungua macho, kwa hawa ndugu zetu wa delivari ingewafaa sana kuliko kuchaji koridoni. Ila kwangu mimi haifai, nakaa ghorofa ya tatu bila lifti na ngazi hazina sehemu ya kuweka baiskeli, ndio maana nakodi. Wengi tunaokodi huku ni hivyo.

Mwanafunzi, mdogo wangu, hoja yako ya pakingi iliyojaa ni ya kweli na ndiyo inayowaumiza watu. Nilishakatwa faini na kampuni moja, sitaitaja, kwa sababu pakingi ilijaa nikaiacha hatua chache pembeni, nimesimama mvuani nazungushwa na apu inaniambia sogea, sogea, na saa inahesabu. Kwahiyo mimi masharti yangu ni haya, halmashauri ikilazimisha pakingi lazima iwe nazo za kutosha, mtu asitembee zaidi ya dakika mbili tatu kufika mlangoni, na pakingi ikijaa saa ya malipo isimame pale pale mpaka upate nyingine. Na kampuni ilete gari la kuzipunguza kabla hazijamwagika. Kuwatoza faini waendeshaji wakati nafasi hazipo ni uonevu tu. Halmashauri ya Kensington na Chelsea wenyewe wanazikamata zilizopakiwa vibaya na kuitoza kampuni, hiyo naipenda kwa sababu inambana mwenye mali, siyo mimi wa zamu.

Ila hilo la kufika mlangoni, hapana. Mlango wako ni njia ya mwingine. Yule mama ninayemsukuma naye alikuwa na haki ya kufika dukani kabla baiskeli hazijaja, alikuwa anafika, sasa kuna siku tunageuza nusu ya safari tunarudi nyumbani samaki hajanunuliwa. Wewe ukitembea dakika mbili umepoteza dakika mbili, yeye anapoteza siku nzima. Huwezi kuniambia hivyo vitu vinalingana uzito.

dereva_basi:

Sawa, tuseme nimekubali zibaki. Hizo pakingi zako zote barabarani unazitoa wapi? Mtaani kwangu mwenyewe nikitoka shifti saa nane usiku sina pa kuweka gari, nazunguka. Mnataka kunichukulia na hiyo nafasi?

mlezi_peckham:

Ndiyo kaka, naomba moja ya mtaa wako, na sikufichi. Sehemu moja ya gari inaingia baiskeli kama kumi. Tuichague pale kona ambapo gari halipaswi kupaki hata hivyo kwa sababu linaziba anayevuka asionekane, baiskeli ni fupi, dereva anaona juu yake, nawe unajua hiyo ya kona kuliko mimi. Na wewe wa saa nane usiku ukikosa basi la kurudi nalo siku gari limeharibika utaikuta baiskeli ipo hapo hatua kumi kutoka kwako. Halmashauri nyingi kabla ya kuchora zinaweka tangazo kuuliza wakazi, tatizo wanaojibu ni wenye magari tu, sisi wa shifti hatujibu tunakuja kulalamika huku. Likitoka la mtaa wako niwekee hapa tulijibu wote, hata kama wewe utaandika unapinga.