Tupeane uzoefu: jarida huria au jarida la kulipia, ulichapisha wapi na nani alilipa?

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa waliowahi kutuma makala kwenye jarida la kisayansi, waliohakiki makala za wenzao, wanaosimamia maktaba, na hata aliyetafuta makala moja tu akaambiwa alipie kwanza. Matamko kuhusu ufikiaji huria, yaani makala kusomwa bure mtandaoni na yeyote, tumeyasoma tangu lile la Budapest la mwaka 2002. Nataka yaliyokupata wewe.

Nianze mimi. Makala yetu ya ikolojia ilikubaliwa na jarida mseto, yaani lile linalouza usajili kwa maktaba na papo hapo linamruhusu mwandishi alipie makala yake iwe wazi kwa wote. Barua ya kukubaliwa ilikuja na ukurasa wa kuchagua. Njia ya kwanza: hulipi kitu, unasaini kuhamisha hakimiliki, makala inafungiwa kwa wenye usajili. Njia ya pili: unalipa ada, hakimiliki inabaki kwako, makala inatoka kwa leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kuisoma na kuisambaza. Ada hiyo ilizidi fedha tuliyotumia kukusanya sampuli zote, na ruzuku ilikuwa imeshafungwa. Tukachukua ya kwanza. Ilipotoka, mwenzetu aliyekusanya sampuli alikuwa ameshahitimu, hana tena akaunti ya chuo, na makala yenye jina lake hakuweza kuifungua.

Hivyo msimamo wangu ni huu: mlango uliokuwa umefungwa mbele ya msomaji tumeuhamishia mbele ya mwandishi, kisha tukaita uhuru. Mnaopinga, karibuni.

Mkutubi

Sipingi, ila naongeza upande ambao watafiti wengi hawauoni. Majarida hatununui moja moja. Mchapishaji anakuja na furushi la mamia ya majarida, mengine hayajawahi kufunguliwa na mtu yeyote chuoni, na bei inapanda kila mkataba unapohuishwa. Mikataba mingi ina kipengele cha usiri, kwa hiyo unajadiliana bei bila kujua jirani yako analipa ngapi. Nilipokuwa nikikaa kwenye vikao hivyo, nilikuwa na orodha ya matumizi mkononi: jarida hili limesomwa sana, hili halijaguswa. Jibu lilikuwa lilelile: ukichomoa majarida machache, bei ya yanayobaki inapanda hadi unakaribia kulipa kama mwanzo.

Ndiyo maana Chuo Kikuu cha California kilipovunja mazungumzo na mchapishaji Elsevier mwaka 2019, wakutubi wengi tulifuatilia kama fainali. Waliishi bila mkataba hadi 2021, walipotia saini mpya inayojumuisha kusoma na kuchapisha kwa pamoja. Nasi tulipopunguza furushi letu, malalamiko yalikuja, lakini si kwa wingi tuliouogopa. Watu waliazima kupitia maktaba nyingine, na wengi niliwawekea Unpaywall kwenye kivinjari. Ukifika kwenye makala iliyofungwa, inakutafutia nakala halali iliyowekwa mahali pengine, na mara nyingi ipo.

Mikataba hiyo ya "soma na uchapishe" nayo ina kasoro yake. Mwandishi wa chuo kilichosaini haoni ada kabisa, anadhani ni bure. Wa chuo kisichosaini anakutana na bili nzima.

Msomaji wa Pembeni

Mwandikieni mwandishi barua pepe jamani. Mimi hupata makala siku hiyohiyo, tena na shukrani juu. Watu wanafurahi kusomwa.

Mhariri wa Zamani

Mleta uzi, mlango umehamishwa kweli, lakini kuna jambo zito zaidi. Jarida la usajili linalipwa na maktaba, makala ziwe chache au nyingi. Jarida linaloishi kwa ada linalipwa kwa kila makala inayokubaliwa. Nilihariri la aina ya pili, na kadiri muda ulivyokwenda ujumbe kutoka kwa mchapishaji ukabadilika: kwa nini uhakiki unachukua muda mrefu, kwa nini mnakataa nyingi, mbona hamtoi matoleo maalumu yenye wahariri waalikwa? Hakuna aliyetamka "shusheni viwango". Walituletea tu grafu ya idadi ya makala kwenye kila kikao. Niliondoka kimyakimya.

Yaliyotokea kwa mchapishaji Hindawi ni funzo la wazi: mwaka 2023 peke yake zilibatilishwa makala zaidi ya 8,000, nyingi zikiwa za hayo matoleo maalumu.

Kuna walioondoka kwa kishindo. Wahariri wa Lingua, jarida la isimu, walijiuzulu wote mwaka 2015 wakaanzisha Glossa. Mwaka 2023 wahariri wa NeuroImage, jarida la picha za ubongo, zaidi ya 40, waliacha kwa sababu ya ada waliyoiona imepita kiasi, wakaanzisha Imaging Neuroscience. Jina la jarida ni mali ya mchapishaji, lakini watu wanaolifanya liwe na thamani wanaweza kusimama wakatoka.

Mtakwimu

Mzee hapo juu, tusije tukaaminishana kwamba kufungia makala ndiyo dhamana ya ubora. Ile makala ya Wakefield ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji haikutoka kwenye jarida la mtaani, ilitoka The Lancet, na ilichukua hadi 2010 kubatilishwa. Nimehakiki kwa aina zote mbili, sijalipwa na yeyote, na makala mbovu nimezikuta kotekote.

Mhariri wa Zamani

Nakubali. Nilichosema ni mwelekeo wa fedha, sikusema moja takatifu.

Mwanafunzi wa Uzamivu

Mimi sina makala hata moja, nina muhtasari wa mkutano tu. Lakini kila asubuhi barua pepe za majarida zinaniita "Mpendwa Profesa Mashuhuri". Wamesoma "kazi yangu adhimu", wananialika niandike kuhusu upasuaji wa moyo (nasomea udongo), na uhakiki unakamilika ndani ya siku tatu.

Jarida moja lilikaribia kuwa sahihi: mada yangu, tovuti safi, bodi ya wahariri yenye picha. Nilimwandikia mmoja wa waliotajwa kwenye bodi kumuuliza. Alijibu kwamba hajawahi kuhariri chochote pale na ameomba jina lake litolewe bila mafanikio. Tangu hapo utaratibu wangu ni kuangalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, kisha kumwandikia mtu mmoja wa bodi. Wasiojibu sina tatizo nao. Wanaojibu hivyo wananitosha.

Kinachoniudhi ni watu wanaotumia matapeli hawa kusema majarida huria yote ni ya kununua nafasi. Msimamizi wangu mwenyewe ana imani hiyo.

Mtu wa Fizikia

Mnatushangaza. Sisi tunaweka kila kitu arXiv, hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, tangu 1991, siku tunayomaliza kuandika. Mwanahisabati Perelman aliweka uthibitisho wa dhana ya Poincaré, fumbo maarufu la hisabati, pale mwaka 2002 na 2003, hakuupeleka jarida lolote, na dunia ikauhakiki. Jarida kwetu ni la kupandishwa cheo.

Muuguzi Mtafiti

Ninyi mna akaunti za vyuo na mna arXiv. Huku kwenye tiba, ninachofunguliwa bure mara nyingi ni muhtasari tu. Nikupe mfano: muhtasari unasema dawa imepunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Nilipopata makala kamili, jedwali la kwanza lilionyesha wajawazito waliondolewa tangu mwanzo, na wagonjwa ninaowahudumia ni wajawazito. Kwa mtu anayeamua matibabu, muhtasari bila jedwali ni hatari kuliko kutosoma kabisa.

Najua kuna Hinari, ambayo WHO iliianzisha mwaka 2002 kuzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo. Inafanya kazi vizuri sana, ila inasajili taasisi, haimsajili mtu. Ukihamia sehemu isiyosajiliwa, umekatika.

Kwa hiyo mleta uzi, mlango bora uwe kwa mwandishi kuliko kwa msomaji. Waandishi ni wachache kuliko wagonjwa.

Mleta uzi

Hoja yako imenigusa, dada. Ila mwandishi anaposhindwa ada, wewe pia hutaisoma makala yake popote.

Mdau wa Ruzuku

Kwa mnaoshindwa ada: ombeni kusamehewa ada KABLA ya kutuma makala, msingoje ikubaliwe. Majarida mengi yaliyo huria kikamilifu huwasamehe waandishi wa nchi zenye kipato cha chini kabisa. Majarida mseto kwa kawaida hayamo kwenye mpango huo. Na wengi wanaangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayeandikiana na jarida, hivyo kaeni na washirika wenu mkubaliane mapema nani atashika nafasi hiyo. Tena majarida yasiyotoza msomaji wala mwandishi yapo. Angalieni SciELO, mkusanyiko wa majarida ulioanzia Brazili mwaka 1998 na unaoendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma.

Mwanafunzi wa Uzamivu

Swali kwa Mkutubi. Mleta uzi alisaini hakimiliki. Ndiyo basi tena, haiwezi kufunguliwa?

Mkutubi

Asome mkataba wake. Wachapishaji wengi wanaruhusu kuweka toleo la mwandishi lililokubaliwa, yaani baada ya uhakiki lakini kabla halijapangwa kurasa na jarida, kwenye hifadhi ya chuo. Kwa kawaida kuna zuio la kuifungua kwa umma, la miezi 12 au zaidi. Kama utafiti ulifadhiliwa na NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, tangu Julai 2025 zuio hilo halipo kwa makala mpya zinazokubaliwa. PDF yenye nembo ya jarida usiiguse.

Mleta uzi

Zuio letu litakuwa limeshapita. Nina faili ya Word tuliyotuma mara ya mwisho, bado ina marekebisho ya wahakiki kwa rangi nyekundu. Hiyo inafaa?

Mkutubi

Kubali marekebisho yote, toa rangi, weka ukurasa wa mbele wenye kiungo cha makala ya jarida. Kisha nitumie ujumbe wa faragha.